Shajara ya Mradi: Modeli za Vyombo vya Angani Zenye Sehemu Zinazozunguka kwa Uhuru

Lengo, na namna ya kulipima

Mradi huu unahusu modeli tatu ndogo za vyombo vya angani, za plastiki ya polistireni, katika uwiano wa 1:2000. Kila moja ina sehemu ya makazi ambayo kwa umbo lake ilikusudiwa kuzunguka, lakini katika modeli sehemu hiyo imegandishwa na kiwiliwili kizima. Kazi niliyojiwekea ni kuzitenganisha sehemu hizo, kuziwekea mihimili, na kuzirudisha mahali pake zikiwa huru kabisa, bila mota, ili ziweze kuzunguka kwa kusukumwa kidogo tu kwa ncha ya kidole.

Nayachukulia maumbo haya kwa uzito kwa sababu hayakuwekwa kwa ajili ya pambo. Angani mtu huelea, na njia inayofaa ya kumpa uzito kwa miezi mingi bila kuwasha injini mfululizo ni kumzungusha, ili ukuta wa nje wa makazi umsukume kuelekea kitovu, naye auhisi ukuta huo kuwa ndio sakafu. Mhandisi Herman Potočnik alichora gurudumu la makazi lenye kipenyo cha mita 30 katika kitabu kilichotoka mwishoni mwa 1928. Mwaka 1952 mhandisi wa roketi Wernher von Braun alipendekeza gurudumu la mita 76 hivi, ambalo lingezunguka mara 3 kwa dakika na kutoa takriban theluthi moja ya uzito wa duniani. Pete isiyozunguka, kwa hiyo, imenyimwa sababu yenyewe ya kuwa pete, na ndiyo maana sikuridhika kuziacha modeli hizi kama zilivyokuja.

Pete kubwa kuliko zote nilizo nazo ina kipenyo cha milimita 100, maana yake ni mita 200 katika chombo halisi, na nusu kipenyo cha mita 100. Kwa nusu kipenyo hicho, mizunguko 3 kwa dakika hutoa uzito unaolingana na ule wa duniani karibu kabisa. Mwendo sahihi wa pete hiyo ni duru moja kila sekunde 20, nao ni mwendo wa taratibu sana kwa macho. Kidole hakiwezi kuusukuma kwa usahihi. Husukuma kwa kasi zaidi, kisha pete hupungua yenyewe. Maana yake ni kwamba modeli hufanana na chombo halisi katika duru zake za mwisho tu, pale inapokaribia kusimama.

Hilo ndilo lililoamua kipimo cha mradi mzima. Watu wengi hupima beringi (pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, zenye gololi kati yake) kwa kuuliza pete itazunguka kwa muda gani baada ya kusukumwa kwa nguvu. Mimi nimeamua kupima mwisho wa mzunguko: pete ikishapungua mwendo hadi duru moja kwa sekunde 20, iweze kutoka hapo kukamilisha angalau duru moja nzima kabla ya kusimama, na isimame mahali popote bila kuchagua.

Hesabu kabla ya kukata

Nilichukua pete ya gramu 10 ambayo uzito wake karibu wote uko kwenye ukingo, milimita 50 kutoka kitovuni. Ikivishwa moja kwa moja juu ya ufito wa milimita 3, plastiki ikisuguana na chuma, na tukichukua kigezo cha msuguano kuwa 0.2, pete iliyosukumwa kwa mwendo wa duru moja kwa sekunde itasimama baada ya sekunde 5 hivi. Linalotisha zaidi ni kwamba pete hiyo ikifikia mwendo wa duru moja kwa sekunde 20, itasogea nyuzi 2 na nusu tu, kisha itasimama. Mwendo ule ninaoutaka hautaonekana kabisa. Ili pete ikamilishe duru nzima kutoka katika mwendo huo, msuguano unapaswa kuwa mdogo mara 150 kuliko huo, na hapo hakuna ujanja wa kupaka mafuta utakaotosha. Lazima ziwepo gololi.

Katika hesabu hiyo uzito wa pete wenyewe hufutika. Pete nzito hukandamiza mhimili zaidi, lakini pia hushikilia mwendo wake zaidi, na mambo hayo mawili yanakwenda sambamba. Vinavyobaki, mbali na kigezo cha msuguano, ni viwili: wembamba wa mahali panaposuguana na umbali wa uzito kutoka kitovuni.

Nilipogeukia msawazo, picha ilibadilika. Modeli zangu husimama mhimili ukiwa umelala, kwa hiyo upande mzito wa pete hupanda na kushuka katika kila duru. Kwenye ufito mtupu, msuguano una nguvu ya kuficha upande mzito wa hadi miligramu 60 ukingoni, na mtu anaweza kuamini kwamba pete yake imesawazika kwa sababu tu haiwezi kujisogeza. Kwenye gololi kificho hicho huondoka. Pete ileile ya gramu 10, ikizunguka mara 3 kwa dakika, haina nishati ya kutosha kuuvusha juu upande uliozidi kwa zaidi ya miligramu 1.3, hata kama msuguano usingekuwepo kabisa. Tone dogo la rangi lililokauka vibaya linaweza kuzidi kiasi hicho. Beringi nzuri basi ni nusu ya kazi, na ni nusu iliyo rahisi; nusu ya pili ni kusawazisha.

Hesabu hiyohiyo ilinipa pia dawa. Msuguano haujali uzito wa pete, ila hitilafu ya msawazo inaujali: pete ya gramu 20 huvumilia hitilafu maradufu. Kuongeza uzito ulio sawasawa kuzunguka ukingo wote kuna faida halisi.

Chombo cha kwanza: ngoma ya nyuma

Nilianza na chombo hiki kwa kuwa ngoma yake ya makazi iko mkiani na hakuna kitu kinachopaswa kupita katikati yake. Kipenyo cha ngoma ni milimita 80, sawa na nusu kipenyo cha mita 80 katika chombo halisi, na sehemu ya nje ya makazi hayo ingekuwa na karibu asilimia 80 ya uzito wa duniani kwa mizunguko 3 kwa dakika.

Nilitumia beringi mbili zenye tundu la milimita 3, kipenyo cha nje cha milimita 7 na unene wa milimita 3, zenye vifuniko vya bati visivyogusa pete ya ndani. Zile zenye vifuniko vya mpira nilizikataa, kwa sababu mpira hugusa pete ya ndani, na mguso huo peke yake unatosha kuua duru za mwisho. Beringi hizi huja zikiwa zimejazwa grisi inayofaa mota za mwendo wa kasi. Kwa modeli, grisi hiyo ni breki. Niliziloweka katika alkoholi ya isopropili, nikazitikisa, nikabadilisha alkoholi hadi ikabaki safi, nikaziacha zikauke kabisa, kisha nikatia tone moja la mafuta mepesi ya cherehani. Tofauti ilihisiwa na vidole kabla hata ya kuzifunga kwenye ngoma.

Ngoma yenyewe ilikwenda vizuri. Beringi ziliachana kwa milimita 20, mhimili ukashikwa na mwisho wa kiwiliwili kwa kina cha milimita 25, na baada ya kusawazishwa ngoma husimama mahali tofauti kila inaposukumwa.

Chombo cha pili: pete ya katikati

Hapa ndipo mradi ulipo hasa. Pete ya milimita 100 imezunguka kiwiliwili katikati ya urefu wake, ikiwa imeshikwa na spoki nne, na mbele yake kuna nusu nzima ya chombo ambayo haipaswi kuzunguka. Kitu fulani kisichozunguka lazima kipite katikati ya kitovu cha pete, kibebe sehemu ya mbele, na bado kiwe chembamba.

Niliyapima mawazo mawili. La kwanza lilikuwa kukiacha kiini kinene cha milimita 10 na kuzungushia beringi nyembamba za tundu la milimita 10 na kipenyo cha nje cha milimita 15. Kiini cha namna hiyo ni kigumu sana, lakini gololi zake hukimbia mbali na kitovu, ni nyingi zaidi, na kila moja hukokota mafuta yake. La pili lilikuwa kutumia mrija wa shaba nyeupe wa milimita 3 na beringi ndogo kama zile za ngoma. Hofu yangu ilikuwa kupinda, kwa kuwa sehemu ya mbele ina uzito wa gramu 25 hivi na kitovu cha uzito wake kiko milimita 60 mbele ya beringi. Hesabu iliiondoa hofu hiyo: mrija wenye ukuta wa milimita 0.45 hupinda kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Udhaifu wa kweli uko pale mrija unapoingia kwenye plastiki, kwa hiyo niliuingiza milimita 30 mbele na milimita 40 nyuma. Mrija una faida nyingine pia: uwazi wake wa milimita 2.1 unatosha kupitisha nyaya nyembamba, iwapo baadaye nitataka taa katika sehemu ya mbele.

Ili mbele na nyuma zibaki katika mstari mmoja, nilichonga njia ya mrija kabla ya kukata chochote. Kiwiliwili huja kikiwa nusu mbili, ya juu na ya chini. Nilichonga mfereji wa duara nusu katika kila moja kwa tupa ya mviringo, nikaulaza mrija humo hadi nusu mbili zikafungamana bila mwanya, nikazigandisha, na baada ya hapo tu nikaleta msumeno wa meno madogo. Ukikata kwanza na kutoboa baadaye, unatafuta kitovu mara mbili, na vitovu viwili vilivyotafutwa mbalimbali hukubaliana kwa nadra.

Kitovu cha pete nilikitengeneza upya kutokana na bamba la polistireni lililokatwa kwa bikari, kwa sababu kile cha asili kilikuwa na uwazi usio wa mviringo kamili. Nilitoboa kwa keekee ya mkono, nikianza na tundu la milimita 1 na kupanda hatua kwa hatua, kisha nikamalizia kwa msasa uliozungushiwa kijiti hadi beringi ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Beringi mbili zimeachana kwa milimita 12. Umbali huo una maana kubwa: mchezo wa milimita 0.02 ndani ya beringi hugeuka kuwa mtikisiko wa milimita 0.08 tu ukingoni mwa pete. Beringi ikiwa moja, au mbili zikiwa zimebanana, pete huyumba kushoto na kulia, na yumbo hilo huonekana kwa urahisi kuliko kasoro nyingine yoyote.

Kuhusu gundi nina msimamo mkali. Supaglu isikaribie beringi. Ni nyepesi kiasi kwamba hujipenyeza yenyewe katika mianya myembamba, na mvuke wake huacha utando mweupe juu ya kila kitu. Natumia epoksi, kidogo sana, kwenye ukuta wa tundu la kitovu, na chini ya tundu nachonga mfereji mwembamba wa kupokea kiasi kitakachosukumwa mbele wakati beringi inaingia. Beringi isukumwe kwa pete yake ya nje, kwa kijirija kinacholingana nayo. Ukiisukuma kwa pete ya ndani, nguvu yote hupita kwenye gololi na kuzitia alama katika njia zao.

Pande zote mbili za kitovu kuna washa nyembamba inayogusa pete ya ndani ya beringi pekee, na nimeacha nafasi ya milimita 0.1 ya kusogea mbele na nyuma. Kati ya kitovu na kiwiliwili nimeacha mwanya wa milimita 0.5. Katika chombo halisi huo ungekuwa mwanya wa mita 1, jambo linaloaminika kabisa katika kiungo cha ukubwa huo, na huacha nafasi ya tabaka za rangi pande zote mbili.

Nilitaka pia sehemu ya mbele iweze kuchomolewa ili pete itoke kwa matengenezo, na sumaku mbili ndogo za neodimiamu zilionekana kufaa. Zikiwa karibu na kitovu, pete ilipoteza uhuru wake mara moja, kwa kuwa gololi na pete za beringi ni za chuma cha pua kigumu kinachovutwa na sumaku, na hata vumbi la tupa lilianza kukusanyika humo. Nimezisogeza hadi mwisho wa mbele wa mrija, milimita 30 kutoka beringi ya karibu, na athari hiyo imetoweka.

Rangi kwanza, msawazo baadaye

Mpangilio huu haubadiliki. Rangi ina uzito, na uzito huo haukai sawasawa hata ukipuliziwa kwa ustadi. Ukisawazisha pete tupu kisha ukaipaka, umeifuta kazi yako. Beringi zilizibwa kwa vipande vya utepe wa karatasi vilivyokatwa duara, pete ikapuliziwa rangi ya msingi na tabaka mbili nyembamba za kijivu, ikaachwa ikauke hadi harufu ikaisha. Nasisitiza harufu kwa sababu rangi huendelea kupoteza viyeyusho, na kwa hiyo uzito, muda mrefu baada ya kuonekana kavu.

Kabla ya rangi nilikuwa nimekata mfereji upande wa ndani wa ukingo na kuulaza humo waya wa risasi wa kulehemu, duara kamili, ncha zikikutana bila kupandana. Waya huo umeufanya uzito wa pete ufike gramu 21, na wote umeongezwa mahali pafaapo.

Pete iliposukumwa kwa mara ya kwanza baada ya kukauka, ilizunguka muda mrefu, ikapunguza mwendo, ikashindwa kupanda, ikarudi nyuma, na ikabembea huku na huko kabla ya kutulia. Hiyo ni tabia ya kuisoma kwa makini. Pete inayosimama ghafla mahali popote ina kitu kinachoikwaruza. Pete inayosimama ghafla mahali palepale daima inakwaruzwa katika nafasi moja, pengine kwa bonge la rangi. Pete inayobembea ina beringi nzuri na msawazo mbaya, na kwa hakika kadiri inavyobembea kwa muda mrefu ndivyo beringi zake zilivyo bora.

Kusawazisha kunahitaji kwanza meza iliyosawazishwa kwa pimamaji na chumba kisicho na upepo. Pete inapotulia, sehemu ya chini ndiyo nzito; naitia alama kwa penseli na kubandika chembe ya udongo wa tungsteni (udongo laini uliochanganywa na unga wa metali hiyo nzito) upande wa juu, ndani ya ukingo. Kisha naigeuza pete robo duru ili alama iwe pembeni, naiachia bila kuisukuma, na natazama inaelekea wapi. Mwanzoni huenda kwa haraka. Kadiri msawazo unavyokaribia, mwendo huwa mgumu kuonekana, na hapo chembe zinazoongezwa au kupunguzwa ni ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Kazi hii haipendi haraka. Kila pete hukupa mwelekeo mpya wa upande mzito pale ule wa kwanza unapokwisha, kwa kuwa hitilafu mbili zilizokuwa zimejificha nyuma ya moja kubwa huanza kujitokeza.

Pete sasa inapita juu katika mwendo wa taratibu ninaoutaka, inakamilisha duru, na husimama popote. Kuitazama katika duru hiyo ya mwisho, ikigeuka kwa mwendo uleule ambao watu halisi wangehitaji, kumenipa furaha kubwa kuliko nilivyotarajia nilipoanza.

Limebaki jambo la kigingi. Kitovu cha uzito cha chombo hiki kinaangukia ndani ya pete yenyewe, mahali ambapo kigingi cha kusimamishia hakiwezi kuwekwa. Nimekiweka milimita 22 nyuma ya pete na kujaza risasi mkiani hadi chombo kikatulia bila kuinamia mbele.

Chombo cha tatu: jozi mbili za mikono zinazopishana

Chombo hiki hakina pete. Kina jozi mbili za mikono mirefu yenye vyumba mwishoni, moja mbele ya nyingine, nami nimeamua zizunguke kinyume. Uamuzi huo una msingi wa kimekanika. Chombo kinachoanza kuzungusha sehemu moja angani husukuma kiwiliwili chake kizunguke upande wa pili, na sehemu inayozunguka hukataa kugeuzwa mwelekeo wake. Sehemu mbili zinazolingana na kwenda kinyume hufuta mambo hayo kwa chombo kizima, ingawa mhimili ulio kati yao bado hubeba mkazo. Ukizisukuma kwa kasi na kugeuza modeli mkononi, ukinzani unaohisiwa kwa jozi moja hupungua sana jozi ya pili inapoongezwa upande wa pili.

Vitovu viwili vinakaa juu ya mrija mmoja wenye beringi nne. Kati yake kuna kijirija cha kutenganisha ambacho ni chembamba kuliko pete za nje za beringi, kwa kuwa kikizigusa hizo kitovu kimoja kitakokota kingine. Mikono ni rahisi kusawazisha kuliko pete, kwa maana hitilafu zake hujieleza wazi: mkono mmoja ukining'inia chini daima, tofauti ya uzito iko kwenye mstari wa urefu wa mikono; mikono ikipenda kulala usawa, tofauti iko upande wa upana wa vyumba au katika kitovu.

Hadi sasa mrija umekatwa, beringi zimeoshwa na vitovu vimetobolewa. Jozi ya mbele imeshafungwa na inazunguka bila mtikisiko, ikiwa bado haijapakwa rangi. Jozi ya nyuma inasubiri epoksi ikomae, na baada ya hapo zote mbili zitapuliziwa rangi kwa pamoja, kutoka katika mchanganyiko mmoja, kabla ya chembe ya kwanza ya tungsteni kubandikwa.